Mbao za kusemea: shajara ya muhula wa kwanza, kitengo cha elimu maalumu, Tanga

Januari 14

Shule imefunguliwa jana. Kitengo kina watoto 21, walimu wawili, na dada msaidizi mmoja ambaye anawajua watoto hawa kuliko sisi sote, kwa kuwa ndiye anayewapeleka chooni na kuwalisha. Mimi nipo siku tatu kwa wiki, Jumanne hadi Alhamisi. Nimepewa meza kwenye kona ya stoo ya vitabu na nimeshukuru sana. Mwaka jana kazi yangu ilikuwa chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunavunja kikao.

Naandika shajara hii kwa wenzangu wachache tunaofanya kazi ya usemi na lugha mashuleni, na kwa walimu wa vitengo ambao hawana mtu wa kumuuliza. Mradi wa muhula huu ni mmoja tu: kila mtoto asiyesema, au anayesema lakini haeleweki, awe na ubao wake wa mawasiliano, wenye vyumba vya picha na maneno anavyovionesha ili kusema, anaoutumia kweli kweli. Watoto hao ni wanane. Watatu wana mtindio wa ubongo, watatu wana usonji, wawili wana sindromu ya Down. Majina yao hayataandikwa hapa. Nitawaita kwa kitu wanachokipenda au mahali wanapokaa: Kofia, Dirishani, Ndoo.

Januari 15

Masikio kwanza. Sigusi ubao wala ulimi kabla sijajua mtoto anasikia nini. Kipimo chenyewe kinataka mashine na chumba kitulivu, na hapa hakuna kimoja wala kingine, kwa hiyo nafanya ninachoweza. Mtoto anacheza na vizibo vya soda mbele ya dada, mimi nakaa nyuma yake hatua moja na nusu. Natikisa kopo lenye mchele, nanong'ona "pipi", naita jina lake kwa sauti ya kawaida. Naandika: aligeuka, hakugeuka, upande gani.

Kofia, mvulana wa miaka kumi mwenye Down, hakugeuka hata kidogo kwa mnong'ono. Nilipomtazama, sikio la kushoto lilikuwa na usaha uliokaukia ukingoni. Bibi yake anasema hutoka kila kipindi cha mvua, wameshazoea. Nimemwandikia barua ya kwenda hospitali. Watoto wenye Down wana njia nyembamba za masikio, na majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio kwa urahisi. Mtoto anayesikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji atatofautishaje "pa" na "ba"?

Mama mwingine kaniuliza kama amkate mwanawe udata, ule utando ulio chini ya ulimi. Mtaani wamemwambia ndicho kinachomfunga asiseme. Nikampaka mtoto sukari kidogo juu ya mdomo wa juu. Ulimi ukatoka, ukapanda, ukailamba yote. Nikamwonesha mama: ulimi huu haujafungwa. Mtoto ana usonji, na neno lake limekwama mahali pengine kabisa ambapo wembe haufiki. Mama akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kwamba kimeo walishamkata akiwa na miezi minne. Sikumlaumu. Alikuwa anatafuta msaada, na aliyeutoa alikuwa karibu kuliko mimi.

Januari 21

Leo nimeleta mbao nilizotengeneza likizo ya Desemba, na nimerudi nazo zote nane nyumbani.

Nieleze nilichokosea. Kazi hii nilisomea Kampala, Makerere, ambako shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza mwaka 2008. Tulifundishwa kwa Kiingereza, na mbao tulizojifunzia zilikuwa za Kiingereza. Kanuni yake ni nzuri: usijaze ubao majina ya vitu, weka maneno machache yanayotumika kila mahali, mtoto ayaunganishe. Mimi, taka, enda, la, pa, ona, fanya. Kwa Kiingereza kitenzi kinasimama peke yake, kwa hiyo kila kitenzi kina chumba chake. Nami nikafanya hivyo hivyo: nikavua vitenzi vya Kiswahili viambishi vyake, nikaviandika uchi.

Mwalimu wa kitengo, mama mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, akavaa miwani akasoma. "Mwalimu, hapa umeandika *taka*. Mtoto akigusa hapa anasema uchafu?" Akashuka chumba cha pili. "Na hii *la*. Anakula au anakataa?"

Ndivyo ilivyo. Mzizi wa "kula" ukisimama peke yake ni neno la kukataa. Mzizi wa "nataka" ukisimama peke yake ni wa kutupwa jalalani. Hakuna mtoto wa Kiswahili duniani anayesikia vitenzi kwa namna hiyo. Anachosikia tangu alipozaliwa ni "nipe", "njoo", "twende", "niache", neno zima lenye mtu ndani yake. Ni kweli kwamba watoto wadogo wanaoanza kusema hudondosha kile kiambishi cha mwanzo, wanasema "taka maji", na mama anaelewa. Lakini mama mwenyewe hasemi hivyo, na ubao unapaswa kuwa sauti ya kuigwa.

Picha nazo. Nilitumia michoro ya bure ya ARASAAC, mradi wa serikali ya jimbo la Aragón huko Uhispania, na ni hazina kubwa. Bado nitaitumia kwa maneno kama "tena" na "haraka". Ila choo nilichochagua ni cha kukalia, na chakula ni sahani yenye uma na kisu pembeni. Ndoo aliitazama ile sahani, akaugeuza ubao juu chini, akanirudishia.

Januari 23

Nimeacha kutunga maneno mezani. Leo wakati wa mapumziko nimekaa kwenye ngazi za darasa la kwanza na daftari, dakika 40, nikiandika kila neno lililopita karibu nami kutoka kwenye midomo ya watoto wanaosema. Haya ndiyo yaliyorudi mara nyingi: nipe, yangu, mimi kwanza, tena, bado, niache, twende, njoo, sitaki, angalia, basi, nani kasema, nakusemea.

"Nakusemea" ilinikaa rohoni. Kila mtoto mdogo ana silaha hiyo: ukinionea, nitafika kwa mwalimu na nitakusema. Watoto wetu wanane hawana. Mmoja wao alirudi nyumbani mwaka jana na alama ya kuchapwa mgongoni, na mpaka leo hatujui ilitoka nyumbani, njiani au kwetu shuleni. Nimeweka vyumba vitatu kwenye kila ubao, pembeni kulia, vyenye mpaka mwekundu: *inauma*, *amenipiga*, *nakusemea*. Mwalimu mmoja ana wasiwasi kuwa watawasingizia watu. Nikamwambia watoto wanaosema nao husingizia, na hatukuwakata ndimi kwa ajili hiyo.

"Bado" nayo ni neno moja linalofanya kazi ya maneno mengi. Umemaliza? Bado. Tuondoke? Bado. Unaumwa? Bado. Imeingia katikati ya ubao, mahali ambapo mkono wenye mtindio unafika kwa urahisi.

Februari 5

Mbao mpya zimekamilika, vyumba 20 kila mmoja badala ya 40. Picha za vitu nimezipiga kwa simu hapa hapa: bakuli la bluu la uji, choo chetu chenyewe na mlango wake wa bati, bomba la maji, kiti cha kona, bajaji inayowaleta wale watatu kutoka Makorora.

Fundi seremala wa Ngamiani amenikatia plaiwudi. Plastiki ya laminesheni inayong'aa inarudisha mwanga wa jua machoni mwa mtoto hadi haoni kitu. Niligundua nilipolaza kichwa changu pale anapolaza Dirishani chake na kutazama kutoka huko. Sasa nimegundisha karatasi moja kwa moja kwenye ubao, nikapaka vanishi isiyong'aa. Hewa ya chumvi ya huku kwetu inainua kona za karatasi, kwa hiyo ukingo mzima umezungushiwa soltepu pana. Tundu mbili juu, kamba ya katani, unavaliwa shingoni au unafungwa kwenye kiti mwendo.

Februari 11

Nimefika saa mbili asubuhi, mbao hazipo. Zimefungiwa kabatini. Mwalimu ananieleza kwa nia njema kabisa: wageni kutoka halmashauri wanakuja mwezi huu, zisije zikachafuka.

Tumezungumza kwa muda. Nilimuuliza kama mdomo wake huuacha kabatini ili usichafuke, kisha nikaona uso wake nikajua nimevuka mpaka, nikamwomba radhi. Ni yeye aliyepata jibu: tutengeneze seti ya pili kwa ajili ya wageni. Karatasi tu, bila plaiwudi. Seti hiyo ndiyo iko kabatini sasa, na ya watoto ina alama za uji.

Februari 13

Jambo la pili la kurekebisha, na hili ni zito. Walimu wameugeuza ubao kuwa mtihani. "Onesha maji! Maji yako wapi? Hapana, siyo hapo. Onesha maji!" Mtoto anaona ubao unakuja, anageuza uso.

Mtoto anayesema husikia maneno mwaka mzima na zaidi kabla hajatoa lake la kwanza, na hakuna anayemtahini. Hawa wetu hawajawahi kumwona mtu yeyote akizungumza kwa ubao. Kwa hiyo kwa wiki tatu zijazo wanaotumia ubao ni sisi watu wazima, na mtoto hadaiwi chochote. Dada akimimina uji anasema "uji" na kugusa uji. Akisubiri upoe anagusa "bado". Ukiisha anagusa "basi". Anasema sentensi yake nzima kama kawaida, ila kidole kinagusa neno moja. Nimemwomba baada ya kugusa ahesabu moja hadi kumi moyoni kabla hajaongea tena. Hilo la kusubiri ndilo gumu kuliko yote. Leo nimemtazama: alifika sita.

Februari 20

Nilidhani neno la kwanza litakuwa "nipe". Limekuwa "shikamoo".

Sikuwa nimeliweka. Ni bibi yake Kofia aliyelidai, siku aliponiletea majibu ya hospitali (wamesafisha sikio, wamempa dawa ya matone, arudi baada ya wiki sita). Akaushika ubao, akaupitia wote, akauliza, "Mwanangu, shikamoo iko wapi?" Nikamwambia nimeweka kwanza mahitaji muhimu. Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu ana miaka kumi. Hajawahi kumwamkia mtu akaitikiwa. Watu wanapita pale barazani wanadhani sijamfunza."

Nililiandika usiku ule ule. Ila Kofia ana sauti, na sauti anaipenda kuliko picha. Anachoweza kutoa ni "moo", midomo inafunga vizuri kwenye m na o inatoka ndefu. Basi tukakubaliana: "moo" huku kiganja kimegusa ubao ni shikamoo kamili, na kila mtu mzima wa shule hii ataitikia "marahaba" papo hapo, bila kucheka wala kumwambia arudie vizuri. Nilizunguka ofisi ya walimu, kwa mlinzi, kwa mama anayeuza mihogo getini, nikawaomba mmoja mmoja.

Leo asubuhi Kofia alianza getini. Mlinzi: marahaba. Mama wa mihogo: marahaba, mwanangu, hujambo? Alisimama. Hilo "hujambo" hakulitarajia, hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Akageuka kunitazama, kisha akaendelea kwa mwingine. Nilihesabu watu 17 hadi kengele. Mwalimu wa zamu, ambaye huwa hana muda, alisimamisha baiskeli yake, akashuka, ndipo akaitikia.

Nimeongeza "sijambo" kwenye ubao, chini ya shikamoo. Na "hodi".

Machi 6

Ramadhani imeanza. Walimu wengi wamefunga, watoto wetu wanakula kama kawaida, na dada anapika uji akiwa na swaumu yake. Leo nimekaa naye wakati wa kulisha, kwa sababu kazi yangu iko mdomoni, na mdomoni siyo maneno tu.

Mvulana mmoja mwenye mtindio hukohoa kila anapokunywa uji. Analishwa akiwa amelalia mkono wa mtu, kichwa kimeangukia nyuma, uji mwepesi unamiminwa kwa kikombe. Ukimlaza mtu kichwa nyuma, njia ya hewa inabaki wazi. Jaribu mwenyewe kumeza mate ukitazama dari. Uji mwepesi unakimbia kuliko koo lake linavyoweza kujifunga, na mwingine unaingia mapafuni. Mama yake anasema amelazwa mara mbili kwa kifua.

Tumebadilisha mambo manne. Anakaa wima kwenye kiti cha kona, nyonga zimefungwa kwa mkanda wa kanga. Kidevu kimeshuka kidogo. Uji umekuwa mzito, kijiko kinachota na kushika. Na mlishaji anakaa mbele yake usawa wa macho, halafu *anasubiri* ameze ndipo alete kingine. Tulitumia dakika 35 kwa bakuli ambalo huisha kwa kumi. Alikohoa mara moja. Nimewapa barua ya hospitali pia, kifua chake kisikilizwe, maana mimi mapafu siyaoni.

Dada akaniuliza nani atalisha wengine sita kama huyu mmoja anachukua nusu saa. Swali lake ni la haki. Tumepata wanafunzi wawili wa darasa la sita ambao ni ndugu wa watoto wa kitengo. Watawashikia bakuli wale wanaojiweza.

Machi 19

Kikao na Mwalimu Mkuu. Alitaka kujua kama kuna waraka unaoruhusu mtoto kujibu maswali ya darasani kwa kuonesha kwenye ubao. Ni mtu makini, hapendi kufanya jambo asiloweza kulitetea mbele ya wakaguzi. Nilimweleza nilichonacho mkononi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 2 cha mkataba huo kinapoeleza maana ya mawasiliano kinataja njia mbadala na za nyongeza pamoja na lugha na nukta nundu. Ubao wetu umo humo. Akaandika namba ya kifungu kwenye kitabu chake. Akasema watajibu kwa ubao, na aje atakayeuliza.

Aprili 29

Masika imetukatakata, wiki mbili sikufika shule mara kwa mara kwa ajili ya mvua na likizo fupi. Nimerudi nikakuta orodha mezani: wanafunzi 14 wa madarasa ya kawaida "wenye matatizo ya matamshi".

Nimewasikiliza wote. Kumi kati yao hawana tatizo lolote. Wanasema "lafiki" na "kurara" kwa sababu lugha ya nyumbani haitofautishi l na r, kama lugha nyingi za Kibantu. Wanasema "selasini" na "zahabu" kwa kuwa th na dh ziliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na nusu ya watu wazima wa shule hii wanasema hivyo hivyo, akiwemo mmoja aliyeandika orodha. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili, nayo haina dawa wala aibu. Wanne ndio wangu: wawili kigugumizi, mmoja aliyeshonwa mdomo sungura na hewa bado inatokea puani, na mmoja ambaye nadhani hasikii vizuri.

Mei 7

Dirishani ana miaka kumi na mmoja. Ana mtindio wa aina inayofanya mwili ujinyonge bila kuamriwa. Akitaka kunyoosha mkono mbele, mkono unaenda nyuma na kichwa kinageuka upande wa pili. Haongei. Mwaka wa tatu huu anakaa dirishani, pale upepo unapoingia, na dirisha hilo linapakana na darasa la kwanza. Kwenye ubao amekuwa akijibu kwa macho: akiinua juu ni ndiyo. Mimi napitisha kidole mstari kwa mstari, akiinua macho nasimama, kisha napita chumba kwa chumba ndani ya mstari huo. Kwa njia hiyo ametupa "bado", "maji", "twende", na mara nyingi sana "inauma".

Ni hilo "inauma" lililotukwamisha. Tumbo? Hapana. Sikio? Hapana. Jino? Hapana. Wiki mbili.

Leo darasa la kwanza walikuwa wanaimba silabi upande wa pili wa ukuta, ba be bi bo bu, nami nikaona midomo yake inatikisika pamoja nao. Haikutoa sauti, ila ilikuwa inafuata mapigo yao. Nikaenda nikaazima ile chati kubwa ya silabi, manila iliyochanika pembeni, nikaishika mbele yake. Nikamuuliza, "Kinachouma, kinaanza na ipi?" Nikaanza kupitisha kidole kwenye mistari. Ba: macho chini. Cha: chini. Da. Fa. Ga. Ha. Ja. Kwenye mstari wa ka, macho yakapanda.

Ka? Chini. Ke? Chini. Ki? Juu.

Nikaanza upya. Mwili wake wote ulikuwa unapigana, shingo imekaza, jasho linamtoka chini ya shungi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia anahema. Mstari wa ta: juu. Ta? Te? Ti? Juu.

*Ki-ti.*

Saa yangu ilionesha dakika 11 tangu nilipouliza. Tukamnyanyua, mimi na dada, tukamlaza mkekani, tukakigeuza kiti. Skrubu ya chini ya kikalio ilikuwa imelegea na ncha yake imetoboa sponji. Upande wa kushoto wa paja lake kuna kovu la mviringo, na juu ya kovu kidonda kibichi.

Mwalimu alikaa chini sakafuni. "Miaka mitatu," akasema, "nilikuwa naandika kwenye ripoti kwamba hajui silabi hata moja."

Mei 8

Fundi amekuja, kiti kimetengenezwa. Dirishani leo hakuweza hata silabi moja. Macho yalikuwa yanazunguka, amechoka, au amekataa. Sikumlazimisha. Ninaandika hili ili mwenzangu atakayesoma asije akadhani siku ya jana inarudi kila siku.

Mei 14

Habari ya Dirishani imezunguka, na imeleta jambo lililonibidi nilisimamie kidete. Mtu mmoja mwenye nia njema alimshika kifundo cha mkono akaanza "kumsaidia" kugusa silabi, na maneno yakatoka kwa kasi: sentensi nzima, shukrani kwa walimu, salamu kwa wazazi. Watu wakalia kwa furaha.

Nilimwomba aachie mkono. Kisha nikamwomba afumbe macho yake mwenyewe huku ameshika, tuone. Maneno yakawa fujo tupu. Mkono unaoshikwa husema ya aliyeushika, hata kama mwenyewe hajui anafanya hivyo, na yule msichana ndani ya mwili wake anabaki bubu zaidi ya mwanzo, kwa sababu sasa kuna mtu mwingine anajibu kwa jina lake. Kwenye kitengo hiki tutashikilia ubao, tutashikilia chati, tutamshikilia kiwiliwili akae wima. Mkono unaoonesha, na macho yanayochagua, yatabaki yake. Bora silabi mbili kwa dakika 11.

Mei 28

Kazi ndogo ndogo. Ndoo amegusa "tena" mara nne leo, akimtaka dada asukume mfuniko wa ndoo uzunguke. Ya tano hakugusa "tena", aligusa "haraka".

Kwa Dirishani nimetengeneza utepe mpya wa silabi sita tu za kuanzia kitenzi: ni, u, a, tu, m, wa. Tukikubaliana kitenzi ni "-nataka", anachagua nani. Hapo ndipo viambishi vile vilivyonishinda Januari vimepata makao, kwa mtoto anayejua silabi. Mara ya kwanza alichagua "u". *Unataka?* Alikuwa ananiuliza mimi. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na yeye ana chake. Nikamjibu ndiyo, nataka, asante, kisha nikashindwa kuendelea kwa muda.

Juni 5

Kesho tunafunga. Hesabu ya muhula: kati ya wanane, watano wanatumia ubao bila kuombwa, angalau mara moja kwa siku. Wawili wanautumia akiuanzisha mtu mzima. Mmoja, mwenye usonji, hautaki kabisa, anautupa. Kwake nitajaribu vitu vyenyewe badala ya picha, kikombe kwa maji na kipande cha kanga kwa kwenda nyumbani.

Kila ubao umekwenda nyumbani na mtoto wake. Nimekaa na kila mlezi nusu saa, hasa juu ya kusubiri. Nyumbani kwa Kofia wanasema Kidigo, na bibi ameomba vyumba viwili vibaki wazi ili aseme yeye viandikwe nini. Nimeviacha.

Jana usiku alinitumia ujumbe wa sauti. Alimwambia mjukuu saa tatu imefika, akalale, na mjukuu akaenda akauchukua ubao kwenye msumari, akagusa "bado", akakaa. "Sasa nimfanyeje, mwalimu?"

Nimemjibu ampe dakika tano, kisha akalale.